Mtoto wa jicho kwa aliyewahi kufanyiwa leza au mikato ya konea: mwongozo kamili wa vipimo, lenzi na upasuaji

Mtu aliyeachana na miwani baada ya LASIK, yaani leza ya kusahihisha macho, miaka 20 iliyopita hujiona ana macho mazima kama ya watu wengine. Konea yake, ule utando angavu wa mbele ya jicho, haijasahau. Siku mtoto wa jicho anapoanza kumfunika, anakwenda hospitali, anapimwa kwa mashine ileile inayowapima wote, anawekewa lenzi iliyotoka kwenye karatasi ya mashine, na kifuniko cha jicho kikitolewa anaona ukungu mbali na ukungu karibu. Mkono wa mpasuaji haukukosea kitu. Iliyokosewa ni hesabu.

Upasuaji wenyewe haubadiliki sana. Linatobolewa tundu la milimita 2.2 hadi 2.8 hivi, lenzi iliyochafuka inavunjwavunjwa kwa mawimbi ya sauti na kufyonzwa, njia aliyoianzisha Charles Kelman mwaka 1967, kisha lenzi ya bandia inakunjuliwa ndani ya mfuko uleule uliobeba ile ya asili. Ugumu uko kwenye kuchagua nguvu ya lenzi hiyo. Mwongozo huu ni wa mgonjwa na wa anayempima, na kazi ya mgonjwa huanza kabla hajafika kliniki.

Tutatumia maneno mawili mara nyingi. Jicho la hasi ni lile linaloona karibu lakini mbali ni ukungu. Jicho la chanya huhangaika na karibu, na likizidi, hata mbali hupotea. Kipimo cha nguvu ya lenzi au konea ni daiopta.

Hesabu inavurugikia wapi

Nguvu ya lenzi hutokana hasa na namba mbili: urefu wa jicho toka mbele hadi retina (utando wa nyuma unaopokea picha), na nguvu ya konea. Urefu haukuguswa na leza. Konea ndiyo iliyochongwa, na hapo mashine hudanganyika mara tatu.

Mara ya kwanza ni kwenye kupima. Mashine ya kawaida ya mpindo wa konea haisomi katikati. Inasoma pete yenye kipenyo cha milimita 3 hivi, halafu inakisia katikati kutokana na pete hiyo. Kwa konea isiyoguswa, makisio hayo hayana shida. Kwa konea iliyosawazishwa na leza, katikati ni bapa kuliko pete, na kadiri eneo lililochongwa lilivyo dogo ndivyo kosa linavyokua. Ni sawa na kupima ukingo wa sahani ukakisia kina chake.

Mara ya pili, mashine inasoma uso wa mbele wa konea tu. Uso wa nyuma inaukisia kwa namba moja iliyopachikwa ndani yake, 1.3375, ikichukulia kwamba mbele na nyuma vina uwiano wa kawaida: nusukipenyo cha milimita 7.7 hivi mbele na 6.4 hivi nyuma. LASIK, PRK na SMILE, zote aina za leza, hubadilisha mbele peke yake. Uwiano umeshavunjika na mashine haina habari. Makadirio yanayotumika sana ni kwamba kila daiopta 7 za hasi zilizoondolewa kwa leza huifanya mashine isome konea kuwa na nguvu takriban daiopta 1 zaidi ya ilivyo.

Mara ya tatu ni fomula zenyewe. SRK/T, Holladay 1 na Hoffer Q hutumia mpindo wa konea kukisia lenzi ya bandia itakaa kina gani ndani ya jicho. Zikiona konea bapa, zinadhani lenzi itakaa mbele kuliko itakavyokaa kweli. Lenzi inayodhaniwa iko mbele hupewa nguvu pungufu.

Kwa aliyetibiwa hasi, makosa yote matatu yanasukuma upande mmoja: lenzi dhaifu, jicho linaangukia chanya. Kwa aliyetibiwa chanya mambo hugeuka, na jicho linaangukia hasi. Aliyefanyiwa RK, yaani mikato inayotoka karibu na katikati ya konea kwenda pembeni kama spoku za baiskeli, ana kesi yake. Kwake uso wa nyuma nao umelegea pamoja na wa mbele, kwa hiyo kosa la pili ni dogo, lakini la kwanza linakuwa kubwa kuliko kwa wengine wote. Tutamrudia.

Hatua ya 1: kusanya karatasi, na kama hazipo, tafuta miwani ya zamani

Kwanza kabisa, sema. Wapo wagonjwa wanaoulizwa "umewahi kupasuliwa jicho?" wakajibu hapana, kwa sababu leza hawaihesabu kuwa upasuaji. Taja kila kilichofanyika, hata kama ni jicho moja, hata kama ni dakika 10 tu.

Zinazotakiwa ni hizi: aina ya upasuaji na mwaka, namba za miwani kabla ya leza, namba za mpindo wa konea kabla ya leza, namba za jicho lilipotulia baada ya leza, kama lilirudiwa, na kwa RK, idadi ya mikato. Hiyo ya "lilipotulia" ina mtego. Mtoto wa jicho anapokomaa katikati ya lenzi hulisukuma jicho upande wa hasi. Ukichukua kipimo cha mwaka jana, wakati mtoto wa jicho ameshaanza, utadhani leza ilisahihisha kidogo kuliko ilivyosahihisha kweli. Kinachofaa ni kipimo cha miezi 3 hadi mwaka mmoja hivi baada ya leza.

Kliniki ya zamani ikiwa imefungwa au imetupa mafaili, fungua droo. Miwani ya kabla ya leza husomwa kwa mashine ya lenzi kwa dakika moja na kutoa namba kamili. Boksi la lenzi za mguso lina namba imeandikwa pembeni, na ina faida moja: lenzi ya mguso hukaa juu ya konea, kwa hiyo namba yake haihitaji kurekebishwa kwa umbali kati ya miwani na jicho. Namba ya miwani ya -6.00 iliyokaa milimita 12 mbele ya jicho ni takriban -5.60 kwenye konea.

Usichotakiwa kuleta ni kumbukumbu ya kichwani. "Ilikuwa kama tano hivi" ni mbaya kuliko kukosa kabisa. Njia kongwe ya kutumia historia huchukua kosa la daiopta 1 katika karatasi na kuligeuza kosa la karibu daiopta 1 katika konea. Fomula za sasa zisizohitaji historia hufanya kazi nzuri, kwa hiyo asiye na karatasi asikate tamaa na wala asibuni.

Kwa anayepima: mgonjwa akisahau au akificha, macho husema yenyewe. Konea nyingi ni daiopta 43 hadi 44. Ukiona jicho la urefu wa milimita 27, konea ya 38, na mgonjwa hajavaa miwani maisha yake ya utu uzima, hapo leza imepita. Ramani ya konea itaonyesha duara bapa katikati. Kwenye taa ya mwanya (hadubini ya macho), tafuta mstari mwembamba wa duara pembeni mwa konea; huo ni ukingo wa kifuniko cha LASIK, yaani kipande chembamba cha konea kilichofunuliwa ili leza ipite chini yake. PRK haiachi mstari, na SMILE huacha kovu dogo tu, kwa hiyo ramani ndiyo inayowaumbua.

Hatua ya 2: tengeneza uso wa jicho kabla ya kupima chochote

Leza hukata mishipa midogo ya fahamu ya konea, na ukavu wa macho ni mwenzi wa kawaida wa waliofanyiwa LASIK. Machozi ndiyo kioo ambacho mashine inajitazamia. Yakiwa na mabaka, namba inayumba, na hapa hakuna nafasi ya kuyumba, maana kosa la daiopta 1 kwenye konea ni kosa la karibu daiopta 1 kwenye matokeo.

Jicho kavu hutibiwa kwanza: machozi ya bandia yasiyo na dawa ya kuhifadhi mara 4 hadi 6 kwa siku, kitambaa cha uvuguvugu juu ya kope dakika 5 hadi 10 kwa siku pamoja na kusafisha kingo za kope, na dawa ya kutuliza uvimbe kama daktari ataona inafaa. Wiki 2 hadi 4 zinatosha kwa wengi. Ndipo upimwe. Ukipimwa siku ya kwanza macho yakiwa yanawasha, vipimo hivyo vihesabiwe vya majaribio.

Lenzi za mguso zitolewe mapema: laini, wiki 1 hadi 2, ngumu, wiki 3 hadi 4 au zaidi, mpaka vipimo viwili vilivyopishana wiki moja vifanane. Wengi wa waliofanyiwa RK huvaa zile ngumu, na kuwaambia wakae mwezi bila kuona ni adhabu. Panga jicho moja moja kama inabidi.

Hatua ya 3: vipimo, na mpangilio wake

Mpangilio una maana yake. Biometria (kipimo cha urefu na vipimo vya ndani vya jicho) na ramani ya konea vifanywe kabla ya tone lolote, kabla ya dawa ya kupanua mboni, na kabla ya kifaa chochote kugusa jicho kupima presha. Tone la ganzi peke yake linaweza kuvuruga machozi kiasi cha kubadilisha namba.

Urefu wa jicho upimwe kwa mwanga. Macho marefu ya hasi kubwa huwa na ukuta wa nyuma uliobonyea, na kipimo cha mawimbi ya sauti kinaweza kugonga shimo badala ya pale mtu anapoonea. Kipimo cha mwanga hufuata mstari wa kuonea kwa sababu mgonjwa anatazama taa. Mtoto wa jicho akiwa mzito mno mwanga hauvuki, na hapo tu ndipo sauti inapochukua nafasi, ikiwezekana kwa njia ya maji isiyoibonyeza konea.

Konea ipimwe kwa mashine mbili zisizo za aina moja. Zikipishana kwa zaidi ya nusu daiopta, au mhimili wa astigmatizimu (mpindo wa konea usio sawa pande zote) ukipishana kwa zaidi ya digrii 10, rudi kwenye machozi, halafu pima tena. Mashine inayosoma uso wa mbele na wa nyuma kwa pamoja inaondoa lile kosa la pili, na kama ipo, itumike. Ramani isomwe kwa macho, si namba tu: duara la leza likiwa limekaa pembeni ya katikati ya mboni, mtu huyu ataona vivuli hata lenzi ikiwa sahihi kabisa, na ni afadhali ajue leo.

Retina ipigwe picha ya tabaka. Aliyekuwa na hasi ya 8 kabla ya leza bado ana jicho la hasi ya 8 kwa nyuma. Leza ilirekebisha dirisha tu. Hatari ya retina kuachia imebaki palepale, na upasuaji wa mtoto wa jicho huiongeza. Pembeni mwa retina pakaguliwe mboni ikiwa imepanuliwa.

Presha ya jicho isomwe kwa tahadhari. Konea iliyopunguzwa unene hufanya kipimo cha kubonyeza kisome chini ya ukweli, kwa hiyo namba inayoonekana salama inaweza isiwe salama. Tazama mshipa wa fahamu wa jicho, usitosheke na namba.

Hatua ya 4: kukokotoa lenzi

Chukua mfano mmoja. Jicho lina urefu wa milimita 26.0, konea inasoma 38.5, na leza iliondoa hasi ya daiopta 6.00 kwenye usawa wa konea. Fomula ya kawaida, ikichukulia jicho hili halikuguswa, tuseme imetoa lenzi ya 18.5.

Njia ya Masket huzidisha kiasi cha leza kwa 0.326 na kuongeza 0.101. Yaani 6.00 × 0.326 = 1.956, jumlisha 0.101, unapata 2.06. Lenzi sasa ni 18.5 + 2.06 = 20.56, ambayo kwenye boksi ni 20.5. Ungeweka ile 18.5, ungepungukiwa daiopta 2 ndani ya jicho, na kila daiopta 1 ya lenzi ni takriban 0.7 kwenye miwani. Mgonjwa angetoka na chanya ya 1.4 hivi, na angekulaumu kwa haki.

Tumia sasa toleo lililorekebishwa la njia hiyohiyo: 6.00 × 0.4385 + 0.0295 = 2.66. Lenzi ni 21.16. Njia mbili za ukoo mmoja, jicho moja, tofauti ya daiopta 0.6. Ndiyo maana hakuna anayejua kazi hii anayetegemea fomula moja.

Utaratibu wenye akili ni huu. Ingiza namba kwenye kikokotoo cha mtandaoni cha ASCRS, chama cha wapasuaji wa mtoto wa jicho cha Marekani, chenye kurasa tofauti za aliyetibiwa hasi, aliyetibiwa chanya na aliyefanyiwa RK. Kinaendesha fomula kadhaa kwa pamoja, zikiwemo Barrett True-K, Haigis-L na Shammas, na kutoa wastani, ya chini kabisa na ya juu kabisa. Usichukue wastani kwa kufumba macho. Angalia kwanza mtawanyiko. Fomula zikikusanyika ndani ya daiopta 1, una jicho tulivu. Moja ikiruka peke yake mbali, tafuta sababu. Mara nyingi ni namba ya historia iliyoingizwa vibaya, au alama ya hasi iliyosahaulika. Barrett True-K ina nguvu hata bila historia, na huwa bora zaidi ikipewa kipimo halisi cha uso wa nyuma wa konea.

Kosa la kizembe linalojirudia ni kuchanganya mambo mawili. Mtu anachukua namba ya konea iliyokwisha kurekebishwa, anaiingiza kwenye fomula ambayo nayo hufanya marekebisho yake ndani. Unapata marekebisho mara mbili, na jicho linatoka na hasi ya kushangaza. Haigis-L na True-K zinataka namba ghafi kama mashine ilivyotoa. Kinyume chake, ukiipa SRK/T ya kawaida konea iliyorekebishwa, lile kosa la tatu bado lipo. Njia ya konea mbili, aliyoieleza Aramberri mwaka 2003, ililitatua kwa kutumia konea ya kabla ya leza kukisia kina na ya baada ya leza kukokotoa nguvu.

Hata yote yakifanywa sawa, uhakika haufikii ule wa jicho lisiloguswa. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla, kwa maneno mepesi, na iandikwe kwenye faili.

Hatua ya 5: lengo na aina ya lenzi

Kwa aliyetibiwa hasi, lenga hasi kidogo, -0.50 hadi -0.75, usilenge sifuri. Hesabu ikiteleza upande wa chanya, utue karibu na sifuri. Ikiteleza upande wa hasi, mtu bado anasoma simu yake bila miwani. Chanya ndiyo inayonyima mbali na karibu kwa pamoja.

Umbo la lenzi nalo lina hesabu yake. Konea ya kawaida ina mkengeuko wa duara wa chanya, yaani miale ya pembeni haikutani mahali pamoja na ya katikati, takriban mikromita 0.27 kwenye mboni ya milimita 6. Leza ya hasi huuongeza. Lenzi inayovuta upande wa hasi, kama zile za -0.20 au -0.27, huupunguza na kusafisha maono ya usiku. Leza ya chanya hufanya kinyume, huusukuma mkengeuko kuelekea hasi, na hapo lenzi isiyo na mkengeuko au ile ya umbo la kizamani ndiyo inayofaa. Kuwawekea wote lenzi moja kwa sababu ndiyo iliyopo kabatini ni kupoteza ubora wa bure.

Lenzi za fokasi nyingi, zinazogawa mwanga kati ya mbali na karibu, huwavutia hasa watu hawa, maana walilipia leza ili waachane na miwani na bado wanataka hivyo. Lakini konea iliyochongwa imeshapunguza ukali wa picha, na lenzi hiyo inapunguza tena. Anayefikiriwa ni mwenye duara la leza lililokaa katikati, konea laini kwenye ramani, machozi mazuri na retina safi. Mwenye RK asishawishiwe. Kwa wengi, lenzi ya fokasi moja iliyopimwa vizuri inaridhisha kuliko ya gharama iliyopimwa kwa kubahatisha. Waliozoea jicho moja la mbali na jingine la karibu tangu wakati wa leza waachiwe mpangilio wao uleule.

Lenzi ya kurekebisha astigmatizimu inafaa ikiwa tu mashine zinakubaliana kuhusu mhimili. Kila digrii 1 ya kuzunguka hupoteza takriban asilimia 3.3 ya marekebisho. Ikizunguka digrii 30, faida yote imekwisha.

Ipo pia lenzi inayorekebishwa nguvu kwa mwanga wa urujuani ikiwa tayari ndani ya jicho, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2017. Kwa tatizo hili hasa ndiyo jibu la moja kwa moja: unaiweka, unasubiri wiki kadhaa jicho litulie, unapima, kisha unairekebisha. Sharti lake ni miwani maalumu ya kuzuia urujuani kila siku mpaka ifungwe, na mboni inayopanuka vya kutosha. Kwa konea yenye makovu, lenzi ya tundu dogo la milimita 1.36 katikati huzuia miale mibaya ya pembeni, kwa gharama ya mwanga kidogo.

Hatua ya 6: ndani ya chumba cha upasuaji

Kwa LASIK, tundu lichimbwe nje ya ukingo wa kifuniko. Kifuniko kinaweza kusogea hata baada ya miaka, kwa hiyo vifaa visikikwangue na maji yasipigwe kwenye ukingo wake. Jicho refu lina nafasi yenye kina kirefu mbele ya lenzi. Maji yakiingia kwa kasi, mboni hupanuka ghafla, lenzi na ukuta wake hurudi nyuma sana na mgonjwa huumia. Inua kidogo ukingo wa mboni kwa kifaa ili maji yapite nyuma yake, na shinikizo litasawazika. Shusha chupa ya maji kabla ya kuingia. PRK na SMILE hazibadilishi mengi hapa.

Aliyewekewa lenzi ndani ya jicho pamoja na lenzi yake ya asili, mfano ICL, ana njia yake. Mashine inaweza kuisoma lenzi hiyo kama ndiyo uso wa lenzi ya asili na kukupa kina cha uongo; kagua picha ya kipimo, siyo namba tu. Konea yake haikuchongwa, kwa hiyo fomula za kawaida zinamfaa. Lenzi hiyo hutolewa kwanza, halafu mtoto wa jicho, katika kikao kimoja. Seli za ndani ya konea zihesabiwe kabla, hasa kama lenzi ilikuwa imekaa mbele ya mboni.

Mwenye RK

Mikato ya RK haiponi kama ngozi inavyopona. Miaka 30 baadaye bado inaweza kufunguka kama mshono uliooza. Na konea yake hubadilika kati ya asubuhi na jioni: usiku, kope zikiwa zimefungwa, konea huvimba kidogo na katikati hubapa, hivyo asubuhi mtu yuko upande wa chanya, na mchana ukienda anarudi kuelekea hasi. Mpime asubuhi na jioni siku hiyohiyo, na mwulize ni saa ngapi anataka kuona vizuri. Dereva wa usiku na mwalimu wa asubuhi hawapewi lenzi moja.

Kuna jambo jingine: RK inaendelea kulisogeza jicho upande wa chanya kwa miaka. Katika utafiti wa PERK wa Marekani, asilimia 43 ya macho yalisogea chanya kwa daiopta 1 au zaidi kati ya miezi 6 na miaka 10. Kwa hiyo lengo lake ni -0.75 hadi -1.00, ili awe na akiba.

Tundu lisikate wala kugusa mkato wa zamani. Mikato 4 au 8 huacha nafasi ya kupita katikati yake, kwa tundu jembamba na kwa kupima kwanza. Mikato 16 haiachi nafasi. Chimba handaki kutoka kwenye sehemu nyeupe ya jicho. Mkato ukifunguka, simamisha mashine, shusha maji, shona kwa uzi wa nailoni wa 10-0, halafu ndipo uendelee. Kuendelea huku unavuja ni kualika konea iporomoke juu ya lenzi. Mwishoni, usijaze maji kwa nguvu kufunga tundu, maana shinikizo hutafuta mkato dhaifu kuliko yote.

Siku ya kwanza baada ya upasuaji, mwenye RK anaweza kusoma chanya ya daiopta kadhaa. Mikato imevimba na katikati imebapa. Hali hiyo hushuka yenyewe kwa wiki kadhaa, na kwa wengine huchukua miezi 3. Anayekimbilia kubadilisha lenzi wiki ya pili atabadilisha lenzi sahihi kwa isiyo sahihi. Mwambie mgonjwa jambo hili kabla ya upasuaji. Akilisikia baada yake, litasikika kama kisingizio.

Hatua ya 7: wiki za kwanza

Matone ya kuzuia maambukizi na ya steroidi hutumika kama ilivyoandikwa, kwa kawaida wiki 4 hivi yakipunguzwa polepole. Steroidi inaweza kupandisha presha kwa baadhi ya watu, na kwa aliyefanyiwa LASIK presha ikipanda, maji yanaweza kukusanyika chini ya kifuniko. Hapo kipimo cha presha katikati ya konea kinasoma chini kabisa, maana kinapima dimbwi la maji, huku ndani jicho linabanwa. Maono yakififia wiki ya pili au ya tatu na namba ya presha ikawa nzuri kupita kiasi, pima pembeni mwa konea kabla ya kuongeza steroidi.

Usisugue jicho. Vaa kinga ngumu usiku kwa wiki ya kwanza. Maumivu yanayoongezeka, wekundu na maono yanayoshuka ndani ya siku chache ni dharura ya saa hiyohiyo. Vivyo hivyo mimweko, nzi wengi weusi wa ghafla, au pazia linaloshuka pembeni.

Miwani ipimwe wiki ya 4 hadi ya 6, na kwa RK mwezi wa 3. Jicho la pili lisubiri mpaka hapo. Jicho la kwanza ni mtihani uliokwisha sahihishwa: kama lilitoka chanya ya 0.75 kuliko ulivyokusudia, la pili litaelekea kukosea upande huohuo, na unaweza kusogeza lenzi yake kwa sehemu ya kosa hilo, nusu hivi, siyo lote.

Lenzi ikitoka na kosa

Kwanza thibitisha kwamba ni lenzi. Ukavu, uvimbe wa katikati ya retina na mfuko wa lenzi ulioanza kuwa na ukungu vyote hufanana na lenzi mbaya. Lakini usiutoboe mfuko huo kwa leza ya YAG wakati suala la kubadilisha lenzi halijaamuliwa. Ukishatobolewa, kutoa lenzi kunakuwa hatari zaidi.

Kosa la chini ya daiopta 1 kwa wengi linamalizwa na miwani. Likiwa kubwa, kubadilisha lenzi ni rahisi katika wiki na miezi ya mwanzo, kabla mfuko haujaishika. Njia nyingine ni kuongeza lenzi ya pili mbele ya ya kwanza. Kwa jicho lililoangukia chanya, kadirio la nguvu yake ni kosa mara 1.5: chanya ya 2 huhitaji lenzi ya +3 hivi, na urefu wa jicho wala konea havihitaji kupimwa upya. Uzuri wake ni kwamba hesabu hiyo haitumii tena konea iliyotudanganya tangu mwanzo. Leza ya kurudia inawezekana pia kwa wasio na RK, ila kifuniko cha zamani kisiinuliwe, maana seli za juu huota chini yake. PRK juu ya kifuniko, pamoja na mitomaisini ya asilimia 0.02 kuzuia ukungu, ndiyo salama zaidi, mradi unene wa konea uliobaki unaruhusu.